Breki mpya kwenye pikapu ya zamani inayovuta tela: kilichosaidia na kilichokuwa pambo

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtaishia hapa. Nimebadilisha karibu kila kitu kwenye breki za pikapu yangu: ni ya mwaka 1996, dizeli, disiki mbele, ngoma nyuma, haina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge. Nikivipanga vitu kwa faida niliyoiona barabarani, breki za tela ni za kwanza na zimeviacha vingine mbali. Yanafuata mafuta ya breki, kisha pedi, kisha ile kazi ya ngoma za nyuma ambayo hakuna anayeipenda kwa sababu haionekani kwa macho. Disiki kubwa zenye mifereji, ambazo ndizo kila anayechungulia kwenye rimu huniuliza habari zake, ziko mkiani.

Mimi ni mchomeleaji. Tela langu ni la ekseli mbili na hubeba jenereta, mashine ya kuchomea, mitungi ya gesi na mabomba ya chuma. Likijaa linakaribia tani mbili. Pikapu yenyewe, nikiwemo mimi, msaidizi wangu na vyuma vilivyo nyuma, ni tani mbili nyingine. Kwa hiyo kila nikikanyaga breki nasimamisha tani nne, na kwa muda mrefu kazi yote hiyo ilifanywa na magurudumu manne ya gari, tela likija nyuma kama mgeni asiyeshika hata sahani.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ingewaokoa watu wengi na matangazo. Tani nne zikienda kilomita 80 kwa saa zina nishati ya karibu kilojuli 990. Ni joto la kutosha kutoa lita tatu za maji kwenye nyuzi 20 na kuyafikisha pembeni mwa kuchemka. Ukisimama, joto hilo lote linaingia kwenye chuma ndani ya sekunde chache. Disiki zangu za kiwandani zilikuwa na uzito wa kama kilo nane kila moja, na tuseme mbele hubeba asilimia 70 ya kazi. Hapo kila ukisimama kutoka 80, disiki zinapanda takriban nyuzi 90 juu ya joto zililokuwa nalo. Ukisimama mara tatu bila kuzipa nafasi ya kupoa, tayari uko kwenye nyuzi 300. Na ukienda 100 badala ya 80, nishati haiongezeki kwa robo. Inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwani mwendo kwenye hesabu hii hujizidisha wenyewe.

Sasa tazama. Ukifunga disiki nzito zaidi, za kilo kumi kila moja, zile nyuzi 90 zinashuka hadi kama 75. Ukiliacha tela lijisimamishe lenyewe kwa breki zake, disiki zile zile za zamani zinapanda kama nyuzi 47 tu. Seti ya disiki kubwa imepunguza kidogo, breki za tela zimekata nusu. Ningekuwa nimeiona hesabu hii kwenye boksi la seti yoyote ningemheshimu sana aliyeichapa.

Mteremko ni habari nyingine kabisa. Tani nne zikishuka mita 300 za kimo zinatoa kama megajuli 12, sawa na kusimama kutoka 80 mara kumi na mbili. Hakuna disiki ya pikapu inayopaswa kuachiwa mzigo huo peke yake. Gia ndogo ndiyo breki ya kwanza, japokuwa wenzangu wenye dizeli za zamani wanajua kwamba injini zetu hazishiki sana ukiachia mafuta, kwa sababu hazina ule mlango wa kuziba hewa ulio kwenye petroli. Zinashika, ila lazima uingie gia mapema, kabla mteremko haujakuchukua.

Kabla hujatoa pesa, jua kwanza breki zako zinakufa kwa namna gani. Pedali ikibaki juu na ngumu mahali pake pa kawaida, lakini gari halisimami na kuna harufu ya kuungua, pedi zimepita joto lake: gundi iliyoshikilia unga wake inatoa gesi na msuguano unapotea. Pedali ikizama laini, ukiipigapiga inapanda kidogo halafu inazama tena, mafuta yamechemka. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kubana mapovu. Na kama pedali ni nzito tangu unapowasha gari asubuhi, breki zikiwa baridi, usiguse disiki wala pedi. Tazama busta, kile kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu.

Hili la busta nalitilia mkazo kwa wenye dizeli. Injini hizi hazitengenezi mvuto wa hewa wa kulisha busta kama zinavyofanya za petroli, kwa hiyo zina pampu yake, na kwenye pikapu nyingi za umri huu pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta. Inachoka. Mpira wake nao unapasuka mahali usipopaona. Kipimo chake hakihitaji kifaa: zima injini, pigapiga pedali mpaka iwe ngumu, weka mguu bila kuuondoa, washa. Pedali inatakiwa kushuka kidogo yenyewe chini ya mguu. Isiposhuka, tatizo lako liko hapo na seti ya disiki haitaligusa. Kuna watu wamefunga kalipa (vile vibanio vya pedi) za pistoni nne kwenye gari ambalo shida yake ilikuwa kipande cha mpira.

Yangu ilishuka vizuri. Ugonjwa wangu ulikuwa mafuta kuchemka, na nyuma yake pedi kuchoka. Haya, sasa vifaa kimoja kimoja.

Mafuta. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Madaraja yake huandikwa kwenye chupa: DOT 3 mpya lazima isichemke chini ya nyuzi 205, DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260. Hizo ni namba za mafuta yaliyotoka kwenye chupa iliyofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia mipira ya breki, na yakifikia asilimia 3.7 ya maji viwango vinashuka: 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4, 180 kwa DOT 5.1. Soma tena hiyo ya kwanza. DOT 3 iliyozeeka inachemka kwenye nyuzi 140, na disiki yako tumeshaiona ikifika 300 kwa kusimama mara tatu. Si joto lote la disiki linalofika kwenye mafuta, lakini kwenye mteremko mrefu halihitaji kufika lote.

Niliweka DOT 5.1 na siku hiyo hiyo pedali ikawa kitu kingine, ingawa nusu ya tofauti hiyo ni kutoa upepo kwa uangalifu, gurudumu la mbali kwanza, mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Nabadilisha kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyobaki nusu siiweki akiba. Angalizo moja tu: DOT 5 bila ile pointi moja ni silikoni, ni kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizi. Na yote isipokuwa hiyo ya silikoni hula rangi ya gari, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu unapofanya kazi.

Pedi. Hapa ndipo seti niliyonunua ilipopata alama zake nyingi. Jina la kwenye boksi siliandiki, kwa kuwa nitaisifu na kuilalamikia kwa pumzi moja, na kwa kuwa kilichokufaa wewe kitategemea kilichoandikwa ukingoni mwa pedi kuliko kilichochapwa kwenye boksi. Pedi nyingi zina msimbo wenye herufi mbili mwishoni. Ya kwanza inaeleza msuguano zikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili zikiwa zimechemka. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi zangu za zamani zilikuwa FE, yaani zikipata moto zinalegea. Hizi mpya ni FF, za nusu chuma. Kipimo hicho hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi, si kwenye gari zima, kwa hiyo usikichukue kama ahadi; lakini mvuta tela asinunue pedi ambayo herufi yake ya pili imeshuka.

Barabarani zinafanya ninachotaka: mguu ule ule, jibu lile lile, juu ya mteremko na chini yake. Malalamiko ni ya nusu chuma zote. Asubuhi zikiwa baridi zinalia, si kelele ya kutisha bali kamlio kembamba kanakofanya watu wageuke. Vumbi lake ni jeusi na linaganda kwenye rimu. Pedi za seramiki zingekuwa kimya na safi zaidi, na kwa gari linalovuta tela mara chache ningezichukua. Za mashindano ziacheni kwenye mashindano. Zinahitaji joto ndipo zishike, na wewe unahitaji breki unapotoka getini.

Disiki. Zilikuja na mifereji, bila matundu, na hilo nalishukuru. Zenye matundu ni nzuri kutazama, lakini kwenye kazi ya kupashwa moto na kupoa mara kwa mara nyufa huanzia kwenye matundu. Mifereji hukwangua uso wa pedi na kutoa gesi na unga. Ubaya wake ni sauti: ukifunga breki kutoka mwendo mkubwa, gari linanguruma. Msaidizi wangu alidhani beringi imekufa.

Kipenyo kimepanda kutoka milimita 280 hadi 310, maana yake kalipa inashika mbali zaidi na kitovu na nguvu ya kuzuia gurudumu inaongezeka kwa kama asilimia 11 kwa mkanyago ule ule. Disiki ni nzito zaidi na zina nafasi pana ya hewa katikati. Yote hayo ni kweli na yanapimika. Lakini gari lisilo na mzigo halisimami karibu zaidi hata kwa hatua moja, na sikutarajia lisimame. Breki za zamani tayari zingeweza kufunga magurudumu yakaburuzika; ukishafika hapo, umbali wa kusimama ni mambo ya tairi na lami. Anayekuambia disiki kubwa zitakusimamisha nusu ya umbali anakuuzia tairi usizozipata. Unachonunua ni uvumilivu wa joto, na wepesi wa kupima mkanyago wako ukiwa na mzigo.

Pima rimu kabla ya kuagiza. Seti ilikuja na kielelezo cha karatasi nene cha umbo la kalipa. Unakikata, unakiweka ndani ya rimu, unaona. Rimu za inchi 15 hazipiti. Zangu ni za 16 na nafasi iliyobaki ni ya kupitisha kidole, basi. Kumbuka pia tairi lako la akiba: kama ni la inchi 15, halitaingia mbele tena.

Mipira ya breki. Iliyokuja kwenye seti ni ile iliyosukwa kwa waya wa chuma. Pedali ni thabiti zaidi, ndiyo, kwa sababu mpira wa zamani huvimba ukibanwa na mkanyago mwingine unaishia humo. Ila mipira mipya ya kawaida ingenipa sehemu kubwa ya faida hiyo. Sababu hasa ya kubadilisha mipira ya gari la miaka hii ni kwamba ndani yake huoza na kuziba: mafuta yanapita ukikanyaga lakini hayarudi ukiachia, na gurudumu moja linaendelea kushika barabara nzima. Kama rimu moja ni ya moto kuliko mwenzake, anza na mpira na vipini vya kalipa kabla ya kulaumu kingine. Malalamiko yangu kwenye seti: mipira ilikuwa mifupi. Pikapu yangu imeinuliwa kidogo, na usukani ukizungushwa mwisho huku gurudumu likining'inia, mpira ulikaza kama kamba ya nguo. Nikaagiza mingine mirefu, nikasubiri. Na vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokaa chini ya pedi havikuwemo kabisa. Ilibidi nitafute kwingine. Kwa seti inayojiita kamili, hilo si jambo dogo.

Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Hapa maneno ya fundi wangu ndiyo yaliyonizuia kufunga seti nusu nusu. Alizitazama zile kalipa mezani, akaweka kidole juu ya pistoni, akasema, "Bosi, hizi zinahitaji mafuta mengi kuzisogeza. Masta yako ni ndogo, pedali itaenda mbali kabla haijashika. Twende na kubwa au tuache."

Alikuwa sahihi. Masta ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 22.2. Tuliweka ya 25.4. Kwa kila sentimita ya mkanyago inasukuma mafuta zaidi kwa asilimia 31, kwa hiyo pedali imebaki juu. Lakini kitu hiki hakina zawadi ya bure: kwa nguvu ile ile ya mguu, shinikizo linapungua kwa karibu robo. Pistoni kubwa za kalipa mpya ndizo zinazorudisha kilichopotea mbele. Nyuma, kwenye ngoma, silinda ni zile zile, kwa hiyo nyuma imepungua nguvu kidogo, na hapo ndipo unapolazimika kufanya kazi ya ngoma hata kama hukutaka. Ukifunga masta kubwa huku umeacha kalipa za zamani utapata pedali ya kupendeza kwa mguu na gari lisilosimama.

Ngoma za nyuma. Hakuna anayepiga picha ya kazi hii. Kirekebishi chake, kile chenye gurudumu la meno, kwenye magari mengi ya umri huu kimeganda kwa kutu, kwa hiyo viatu, vile vinavyobana ngoma kwa ndani, vinalika na hakuna kinachovisogeza. Mkanyago wa kwanza unaishia kujaza hiyo nafasi. Na ngoma ikipata moto inapanuka, inakimbia viatu, tofauti na disiki ambayo ikipanuka inasogelea pedi. Tulifungua, tukasafisha, tukabadilisha silinda zote mbili za magurudumu kwa kuwa moja ilikuwa inalowa, tukapima ngoma dhidi ya kipenyo cha mwisho kilichochongwa juu yake, tukaweka viatu vipya na kurekebisha mpaka viguse kidogo sana vikizungushwa. Pedali ilipanda kuliko ilivyopanda kwa mipira ya waya.

Je, ningebadilisha nyuma kuwa disiki? Hapana. Nimeulizwa sana. Breki ya mkono ya ngoma inashika vizuri, na mwenye tela anayeegesha kwenye mlima anaihitaji kuliko anavyohitaji sifa. Ukileta disiki nyuma unaleta pia swali la breki ya mkono mpya, swali la masta, na swali la mgawanyo wa shinikizo, yote kwa ekseli inayofanya sehemu ndogo ya kazi.

Mgawanyo huo wenyewe unastahili aya yake. Chini ya pikapu nyingi za zamani, juu ya ekseli ya nyuma, kuna valvu yenye mkono mrefu uliounganishwa na ekseli. Gari likibeba mzigo, mwili unashuka, mkono unasukumwa, valvu inaruhusu shinikizo zaidi kwenda nyuma. Likiwa tupu, inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasifunge na gari likageuka. Ni akili safi ya chuma, bila waya hata mmoja. Lakini aliyekuwa na gari hili kabla yangu aliongeza majani ya springi. Mwili hauinami tena, na valvu inaamini kwamba gari ni tupu wakati tela limekaa kwenye ndoano na kuligandamiza. Nyuma ilikuwa inapata nusu chakula. Tulihamisha kishikio cha ule mkono na kupima shinikizo la mbele na la nyuma kwa geji mpaka likalingana na kitabu cha gari. Wapo wanaoiondoa valvu hiyo na kuunganisha bomba moja kwa moja. Wakiwa na mzigo wanafurahi. Siku wakiwa tupu na barabara imelowa, gari bila ABS litawageuza.

Sasa tela, ambako ningeanzia kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja. Australia na sehemu kubwa ya Ulaya, tela lenye uzito unaozidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake, na ukishaendesha kwa njia zote mbili huoni sheria hiyo kuwa ya usumbufu.

Kuna breki za kusukumwa, ambazo hufanya kazi pale tela linapoisukuma gari: ndoano inabanwa na kuvuta fimbo au kusukuma mafuta. Hazihitaji waya wala sanduku ndani ya gari, na kwa tela jepesi zinatosha. Kasoro yake ni mteremko: ukishuka kwa gia, tela linasukuma muda wote, na breki zake zinashika muda wote hata kama wewe hujagusa pedali. Mimi nilichagua za umeme. Ndani ya kila ngoma ya tela kuna sumaku. Umeme ukiingia inavutwa na uso wa ngoma inayozunguka, inaburuzwa nao kidogo, na mkono wake unasukuma viatu. Kiasi cha umeme ndicho kiasi cha breki.

Kinachoamua ubora ni kidhibiti ndani ya gari. Vya bei ndogo hutumia muda: ukigusa breki vinapandisha umeme taratibu mpaka kiwango ulichoweka, uwe unafunga kwa dharura au unajongea kwenye foleni. Matokeo yake ni mshtuko kwenye ndoano. Vya kisasa vina kihisi kinachopima gari linavyopunguza mwendo na kugawa umeme kwa uwiano huo huo. Tekonsha Prodigy P3 ni cha aina hii na kina kioo kinachoonyesha volti. Mimi nilifunga Tow-Pro Elite ya REDARC, kwa sababu sanduku lake linafichwa na kwenye dashibodi kunabaki kitufe cha kuzungusha tu, na dashibodi yangu haina nafasi. Kukizungusha ni kuongeza au kupunguza breki za tela kulingana na mzigo; kukibonyeza ni kufunga breki za tela peke yake. Hicho cha mwisho ni dhahabu. Tela likianza kuyumba, mtu hutaka kukanyaga breki za gari, nayo ndiyo njia ya kulifanya lije ubavuni. Ukibonyeza kitufe, tela linavutwa kutoka nyuma na kunyooka.

Waya usiubanie. Sumaku moja hula kama ampea tatu, nne ni kama ampea 12, na waya mwembamba wa urefu wa gari na tela utakula volti kabla hazijafika. Waya wa kurudi nao uwe mnene vile vile. Kutegemea ndoano iwe ndiyo njia ya umeme kurudi ni kutegemea kutu na grisi. Weka pia ile betri ndogo ya tela yenye pini na kamba: tela likichomoka, kamba inachomoa pini na breki zinashika zenyewe. Kuhusu kuweka kiwango, tafuta mahali tambarare pasipo na watu, tela likiwa na mzigo, mwendo mdogo wa kama 30, na upandishe mpaka magurudumu ya tela yakaribie kufunga, kisha rudisha kidogo. Mzigo ukibadilika, rudia.

Kuna mteremko mrefu ninaopita kwa kazi, na chini yake nina mazoea ya kusimama na kupima disiki za mbele kwa kile kipimajoto cha kunyooshea. Namba zake msizichukue kama za maabara, maana chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho. Ninalinganisha kipimo kwa kipimo, mahali pale pale, mzigo ule ule. Kwa vifaa vya zamani kilikuwa kinapita 400. Baada ya seti ya mbele, masta na kazi ya nyuma, kikakaa karibu na 330. Baada ya breki za tela, karibu 200. Sijawahi tena kusikia ile harufu, na pedali chini ya mteremko iko pale ilipokuwa juu.

Ukifunga pedi mpya usiende moja kwa moja kazini. Zipashe: punguza mwendo kutoka kama 60 hadi 10, bila kusimama kabisa, mara kadhaa kwa mkanyago wa wastani, halafu endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama na kuikanyagia pedali zikiwa za moto, pedi zitaacha alama yake kwenye disiki na utasikia usukani ukitetemeka kwa miezi. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, za tela zikiwemo.

Alama, kwa anayezitaka: kidhibiti na breki za tela, tisa juu ya kumi, moja nimekata kwa sababu ya usumbufu wa kupitisha waya. Pedi, nane. Disiki na kalipa zenyewe, sita: kazi zinaifanya, ila mipira mifupi na vipande vilivyokosekana kwa bei ile havisameheki. Disiki hizi zikifika kwenye unene wa mwisho ulioandikwa pembeni, nitaweka za kipenyo hicho hicho zisizo na mifereji, pedi zile zile, na kelele tutaiacha hapo.